Msamaha wa bangi Marekani: mbona kaka yangu bado yuko ndani?

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi naishi Baltimore, kwetu Mombasa. Kaka yangu ana kesi ya federali, yaani ya serikali kuu si ya jimbo, ya kusafirisha bangi toka California, hakuwa na silaha wala hakumgusa mtu, wakampa miaka 7 na sasa kamaliza mitatu. Biden si alisamehe watu wa bangi? Na gavana wetu je? Kila nikimpigia mama aniuliza atoka lini, mi sina jibu. Halafu kuna mtu ataka dola 3,000 eti amtoe. Nifanye nini?

JIBU: Pole sana mpenzi, na mama mpe pole zangu. Kwanza hizo hela usitoe hata senti, fomu ya kuomba ni bure na wala si lazima uwe na wakili.

Sasa ule msamaha wa Biden wa Oktoba 2022, na ule aliouongeza Desemba 2023, ulikuwa wa watu waliokutwa na bangi ya kuvuta wenyewe, basi. Aliyeuza au kusafirisha hayumo. Na siku ile unatangazwa hakukuwa na mtu hata mmoja kwenye jela ya federali kwa kosa hilo peke yake, kwa hiyo hakuna mlango uliofunguliwa, watu walisamehewa hukumu zao za zamani tu. Gavana wenu wa Maryland, Wes Moore, naye Juni 2024 alisamehe hukumu zaidi ya 175,000 na hakuna aliyetoka jela kwa ajili hiyo, tena gavana hana mamlaka na kesi ya federali hata angetaka.

Hili linaniuma, nasema wazi. Maryland maduka yanauza bangi kihalali tangu Julai 2023, wenye maduka wanalipa kodi na kulala kwao, na kaka yako anahesabu miaka kwa mmea uleule. Sheria ya federali kesi ikifika kilo 100 jaji hawezi kushuka chini ya miaka 5 kirahisi. Weldon Angelos wa Utah alipewa miaka 55 mwaka 2004 kwa kumuuzia bangi mtoa habari wa polisi, kisa alikuwa na bastola ambayo hakumtishia nayo mtu, na jaji mwenyewe alisema haki haimo ila sheria haikumpa nafasi. Alitoka 2016, msamaha wa Rais akaupata Desemba 2020.

Kaka yako anachohitaji ni kupunguziwa kifungo. Anaandika ombi kwa ofisi ya misamaha ya Wizara ya Sheria, anaweza kulipitisha kwa mkuu wa gereza, lakini kama rufaa bado iko mahakamani asubiri iishe. Aeleze kosa lake bila kulipamba, aweke kozi alizosoma ndani, rekodi yake ya nidhamu, na nyie andikeni barua kusema atafikia kwa nani na kazi gani inamsubiri, hapo ndipo familia inasaidia kweli. Rais ndiye anayeamua na hana tarehe ya kujibu, mama umwambie hivyo hivyo asije akaandaa chumba bure. Ila hutokea: Januari 2025 Biden aliwapunguzia karibu watu 2,500 wa kesi za dawa za kulevya zisizo na ukatili, kwa siku moja.

SWALI: Nina grini kadi, nilikutwa na gramu chache hapa Maryland na gavana akanisamehe. Naweza kwenda Dar kwenye harusi ya mdogo wangu?

JIBU: Mdogo wangu, usikate tiketi kabla hujaonana na wakili wa uhamiaji. Kwa makosa ya dawa za kulevya watu wa uhamiaji msamaha wa gavana hauwazuii. Kosa moja tu la gramu 30 kushuka chini, la matumizi yako, halikufukuzishi ukiwa ndani ya nchi, lakini ukitoka ukarudi unapimwa kwa sheria ya kuingia, na hapo unaweza kuzuiwa uwanja wa ndege mpaka uombe kibali maalumu. Nenda na karatasi zote za mahakama, hata zile unazoona hazina maana.