Maswali ya Wasomaji: Kiungo Kinachougua na Njia ya Ugonjwa

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa tiba ya wanyama, na kwa sasa niko likizoni nyumbani Magu. Muhula uliopita tulifundishwa magonjwa kwa kufuata mifumo ya mwili: upumuaji, umeng'enyaji wa chakula, damu, mkojo na neva. Tatizo langu ni kwamba ugonjwa mmoja naukuta katika mifumo mitatu au minne, na kila nikiukuta ni kama naanza upya. Je, nisome kwa kufuata kiungo au kwa kufuata ugonjwa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Soma kwa kufuata kiungo, kama walimu wako walivyopanga, kwa sababu mfugaji hakuletei jina la ugonjwa. Anakuletea ng'ombe anayekohoa, anayeharisha au anayekojoa mkojo mwekundu. Lakini kila ufikapo kwenye kiungo, jiulize ugonjwa umepita wapi hadi kufika pale na ni kazi gani ya kiungo hicho iliyoharibika. Ukiijua njia hiyo, hutaanza upya unapoukuta ugonjwa uleule katika sura nyingine ya kitabu.

Chukua ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe. Niliwahi kuitwa kwenye zizi moja upande wa Misungwi, nikamkuta ndama anahema kwa taabu huku povu jeupe likimtoka puani. Mwenye zizi, kwa kuliona povu hilo, alikuwa ameamua kwamba ni homa ya mapafu, na alikuwa amemchoma antibiotiki iitwayo oksitetrasaiklini kwa siku 3. Nilipompapasa chini ya sikio nilikuta tezi imevimba kama yai la kuku, na ndani ya sikio walikuwamo kupe wa kahawia. Ndama alikufa jioni ile. Tulipompasua, bomba la hewa lilikuwa limejaa povu, na mapafu yalikuwa mazito, yamelowa maji, hata ukiyabonyeza kwa kidole alama ilibaki.

Aliyesoma mapafu peke yake angeishia hapo. Aliyeifuata njia angekumbuka kwamba kupe humwingiza kimelea, Theileria parva, kupitia ngozi anapouma. Kimelea huyo huingia katika chembe nyeupe za damu na kuzifanya zigawanyike bila kikomo. Tezi iliyo karibu na sikio huvimba kwanza. Kisha chembe hizo husambaa hadi kwenye wengu, figo na mapafu, na ndipo maji yanapovujia ndani ya mapafu na kumkosesha mnyama pumzi. Homa ya mapafu ya ng'ombe huacha picha nyingine kabisa: pafu gumu lenye michirizi kama marumaru, mara nyingi la upande mmoja, na maji ya manjano kifuani. Tofauti hii haiishii kwenye mtihani, kwa maana oksitetrasaiklini haimponyi ndama ambaye dalili za ndigana kali zimekwisha kujitokeza, na yule mfugaji alipoteza siku 3 ambazo dawa sahihi ingeweza kumsaidia.

Jihadhari pia na majina. Ugonjwa wa maji moyo umeitwa hivyo kwa sababu ya maji yanayokusanyika kwenye mfuko unaouzunguka moyo, na mwanafunzi huuweka kwenye ukurasa wa moyo akaridhika. Kumbe kinachoumia ni ukuta wa ndani wa mishipa midogo ya damu, ambayo imeenea mwili mzima. Ndiyo maana mbuzi mwenye maji moyo anaweza kuzungukazunguka na kunyanyua miguu juu kupita kawaida kama mgonjwa wa neva, na ndiyo maana mtaalamu anayetaka kuuthibitisha kwa hadubini baada ya kifo huchukua kipande cha ubongo, wala si cha moyo.

Kwa upande wa damu, linganisha ugonjwa wa kukojoa damu na ndigana baridi. Yote mawili huenezwa na kupe na yote huangamiza chembe nyekundu. Katika ule wa kwanza chembe hupasukia ndani ya mishipa, rangi yake ikachujwa na figo, na mkojo ukawa mwekundu au wa kahawia. Katika ndigana baridi chembe huondolewa zaidi na wengu, kwa hiyo mnyama hupauka na kuwa manjano bila mkojo wake kuwa mwekundu.

Kwa kuwa uko Magu, karibu na Mto Simiyu na ziwa, omba ruhusa ya mkaguzi wa nyama uende machinjioni asubuhi moja. Ukiona ini la ng'ombe lenye minyoo bapa, mwombe alikate mbele yako: mirija ya nyongo imekuwa minene, kisu kinakwaruza kana kwamba kuna mchanga, na ukiikamua wanatoka minyoo walio bapa kama jani. Ng'ombe huwapata kwa kula majani ya kandokando ya maji, mahali wanapoishi konokono wanaowalea minyoo hao wakiwa wachanga. Ini likichoka na damu ikipungukiwa protini, maji hutoka mishipani na kujikusanya chini ya taya. Mfugaji atakuonyesha taya, nawe utapaswa kufikiria ini.

SWALI: Mimi nasomea stashahada ya afya ya mifugo. Kijijini kwetu Sengerema ng'ombe akifa ghafla huwa natamani kumpasua ili nijifunze viungo. Nifanye hivyo?

JIBU: Hapana, si kabla ya kujua kwamba si kimeta, ugonjwa wa bakteria unaoua ghafla na kuambukiza hata watu. Ng'ombe aliyekufa ghafla, akavimba upesi, akatoka damu isiyoganda puani au kwenye njia ya haja kubwa, asipasuliwe, asichunwe, na nyama yake isiliwe, hata kama familia inaona ni hasara kubwa. Ukimpasua, vijidudu vya kimeta hukutana na hewa na kujifunika kwa gamba gumu, vikadumu ardhini miaka mingi. Mwite daktari wa mifugo wa wilaya. Tone la damu kutoka kwenye mshipa wa sikio linamtosha kuangalia kwa hadubini. Wakati mnamsubiri, wazuieni mbwa na watoto wasiusogelee mzoga.