Pikomita 74

Goma, Jumapili jioni

Mwanangu Baraka,

Meseji yako nimeisoma. Unauliza: viini viwili vya hidrojeni vimekaa ndani ya molekuli moja siku zote, mbona haviungani vyenyewe kama ndani ya jua, na uwezekano wake unahesabiwaje?

Ujirani huo unakudanganya. Katikati yake kuna pikomita 74, na ili vishikane lazima vikaribiane zaidi ya mara elfu kumi ya hapo, huku chaji zake zinasukumana kama mlima uliosimama katikati. Mlima huo haviwezi kuupanda, ila sheria za kwantamu, yaani za vitu vidogo kama viini, zinaacha nafasi ndogo mno ya kuupenya. Chukua nafasi ya kuvikuta vimegusana, zidisha kwa kasi yake ya kuungana vikishagusana. Basi.

Mwaka 1989 wanakemia wawili walitangaza huko Utah, Marekani, kwamba deuteriamu, hidrojeni nzito, inaungana ndani ya chombo cha mezani. Mwaka huohuo wanafizikia Koonin na Nauenberg wakapiga hesabu upya: kwa molekuli moja ya deuteriamu, miungano 3 × 10⁻⁶⁴ kwa sekunde. Makadirio ya mwaka 1986 yalikuwa 10⁻⁷⁴, kwa hiyo waliyapandisha mara bilioni kumi na zaidi, na bado ni bure.

Jana nilifungua kaye, daftari langu, nikajaribu na ziwa letu. Kivu ina karibu kilomita za ujazo 500 za maji. Tuseme hidrojeni yake yote igeuke molekuli za deuteriamu: zinafika kama 1.7 × 10⁴⁰. Zidisha kwa sekunde zote tangu ulimwengu uanze, kama 4 × 10¹⁷, kisha kwa ile 3 × 10⁻⁶⁴. Nikapata sehemu 2 za milioni. Hata muungano mmoja haujatimia! Nikadhani nimeruka sufuri, nikarudia, maharagwe yakaungua. (Ukiulizwa cha kuogopa ziwani, ni gesi iliyo chini, si hii.)

Protoni, kiini cha hidrojeni ya kawaida, ikikaa na deuteriamu, hesabu ileile inatoa 10⁻⁵⁵ kwa sekunde. Inaizidi ile ya deuteriamu mbili kwa sababu protoni ni nyepesi, na chepesi hupenya zaidi. Usitumie mfano wa chukudu, kile chombo chetu cha mbao cha kusukuma mizigo, yenye magunia, maana chukudu haipenyi lava hata ikiwa tupu.

Dawa ni kufupisha umbali. Weka myuoni, chembe inayofanana na elektroni, mahali pa elektroni: ina uzito mara 207 wa elektroni, molekuli inanywea karibu mara 200, na viini vinaungana kabla myuoni haijafa, nayo huishi mikrosekunde 2.2 tu. Mwanafizikia Alvarez aliliona hilo Berkeley, Marekani, mwaka 1956.

Gawa 74 kwa 200, halafu rudia hesabu ya kupenya. Nitumie picha ya kaye yako, si jibu peke yake.

Mama yako