Manowari hazina darasa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimesoma katika habari kwamba Marekani imepeleka Bahari ya Shamu "meli ya uharibifu ya darasa la Arleigh Burke". Mwenzangu kazini anashikilia kwamba ilipaswa kuwa "daraja la Arleigh Burke". Yupi kati yetu yuko sahihi? Na huo uharibifu ni upi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Wewe na mwenzako mmegombania kosa ambalo si lenu, na hakuna aliyeshinda. Kiingereza kilisema "class", na hapo hapana darasa wala daraja.

Darasa limetujia kutoka Kiarabu, katika mzizi wa kusoma, pamoja na ndugu zake darsa, madrasa na mudarisi. Lilikotoka ni kusoma na lilikofika ni kusoma. Mswahili akisikia "darasa la fulani" anajua fulani ndiye mwenye chaki. Sasa huyu Arleigh Burke alikuwa admirali wa Marekani. Novemba 1943, usiku, karibu na Cape St. George katika Pasifiki, aliongoza kikosi chake cha destroya, yaani manowari za mbio, kuzipiga meli za Wajapani. Kisha kuanzia 1955 hadi 1961 alikuwa mkuu wa jeshi la wanamaji la nchi yake. Meli iliyopewa jina lake ilikabidhiwa jeshi hilo tarehe 4 Julai 1991, mwenyewe yu hai na akishuhudia. Zilizofuata, ambazo sasa zimepita 70, zilijengwa kwa ramani ileile, zikatambulishwa kwa jina la kifungua mimba wao. Kuna somo gani hapo? Kuna mwanafunzi gani?

Hilo "daraja" la mwenzako lina afadhali kidogo, lakini kidogo tu. Daraja la namna hiyo hupanga vitu juu na chini: behewa la daraja la tatu, mtumishi wa daraja la pili. Arleigh Burke si ngazi ya kupandia. Tena ukiandika "daraja la Arleigh Burke" katika habari ya bahari, msomaji aliyezoea Daraja la Mkapa pale Rufiji ataona zege na nguzo juu ya maji, na manowari ikipita chini yake.

Kinachonikasirisha ni kwamba neno linalotakiwa tunalo, na tunalitumia kila siku bila kufundishwa na mtu. Msikilize askari wa usalama barabarani anapotoa taarifa ya ajali: "Gari dogo aina ya Toyota Noah limegongana na lori aina ya Fuso." Hajasema Noah ya darasa la Toyota. Hajasema lori la daraja la Fuso. Fundi wa gereji husema injini aina fulani, mhudumu wa uwanja wa ndege husema ndege aina ya Boeing 737, mama sokoni hukuuliza unataka mchele aina gani. Nchi nzima, kuanzia askari hadi muuza mchele, inajua kwamba kundi la vitu vilivyofanana kwa umbo na utengenezaji ni AINA. Anayejitia kutojua ni mwandishi mmoja tu, aliyeketi mbele ya kompyuta, akaiachia mashine imtafsirie, kisha akatuma bila kusoma kwa sauti. Angesoma kwa sauti mara moja tu, sikio lake lingemkataza.

Na kosa hili linafanywa katika lugha ya watu wa bahari! Mzee wa Lamu au Pemba alikiona chombo kikiwa bado mbali, akatazama omo na tezi, yaani mbele na nyuma yake, akakuambia hili ni jahazi, lile bedeni, ile betili. Mtepe aliujua kwa tanga lake la mkeka na mbao zilizoshonwa kwa kamba, ngalawa kwa mirengu yake ya pande mbili. Lugha yenye hazina hiyo haistahili kuandikiwa "meli ya darasa".

Ukiliacha kosa la kwanza, huleta jingine. Wamarekani wamezijenga meli hizi kwa awamu, na kila awamu wameiita "Flight", jina ambalo katika Kiingereza cha kawaida humaanisha safari ya ndege. Nimeshaona "ndege ya tatu ya darasa la Arleigh Burke", na hakukuwa na ndege yoyote inayozungumzwa. Sema TOLEO. Toleo la kwanza lina matundu 90 ya kurushia makombora yaliyosimamishwa wima ndani ya sitaha. Kuanzia toleo la pili A yakawa 96, pakaongezwa na banda la helikopta mbili. Toleo la tatu, ambalo meli yake ya kwanza, Jack H. Lucas, iliingia kazini Oktoba 2023, limebadilishiwa rada. Injini ni zilezile nne, na mwendo unazidi maili 30 za bahari kwa saa. Habari yote hiyo inaandikika kwa Kiswahili safi ukiwa na maneno mawili, aina na toleo.

Sasa huo uharibifu. Mwishoni mwa karne ya 19 Waingereza waliogopa boti ndogo za torpido, yaani bomu lipitalo majini, zilizoweza kunyemelea meli kubwa na kuizamisha. Mwaka 1893 wakashusha majini Havock, meli ya mbio ya kuziwinda, na aina hiyo ikaitwa kwa jina refu lenye maana ya mwangamiza boti za torpido. Jina likakatwa mkia, likabaki "destroyer", yaani "mwangamizi" peke yake. Anayeandika "meli ya uharibifu" ametafsiri kipande. Isitoshe, uharibifu kwetu ni neno la lawama: ng'ombe walioingia shambani, moto uliopita msituni, mtoto aliyevunja vikombe. Aprili 2009, meli ya mizigo Maersk Alabama ilipotekwa na maharamia wa Kisomali ikiwa njiani kuja Mombasa, na nahodha wake Richard Phillips akashikiliwa ndani ya boti ya uokozi, iliyokwenda kumkomboa ilikuwa Bainbridge, mojawapo ya hizi. Iliivuta ile boti kwa kamba, na walenga shabaha wakapiga kutoka tezi yake. Ukiiita meli ya uharibifu, utaielezaje kazi ile?

Mimi naandika DESTROYA. Wapo wanaochukia neno la kukopa, lakini manowari yenyewe tuliichukua kwa Waingereza zamani, tukaitamka tutakavyo, na leo hakuna anayeiona ngeni. Asiyependa destroya aandike manowari tu, atakuwa hajakosea. Asiiite nyambizi, maana hiyo ni ile ipigayo mbizi.

Kwa hiyo habari yako ilipaswa kusomeka hivi: "Marekani imepeleka Bahari ya Shamu destroya aina ya Arleigh Burke." Mpe mwenzako salamu zangu, na umwambie daraja alirudishe Rufiji.