Kabla hujanunua kibodi, uulize mkono wako wa kushoto

Juzi usiku nilipata ujumbe kutoka kwa kijana wa Mafinga. "Shikamoo kaka. Msimu huu wa mbao nimedunduliza laki moja na nusu. Nataka kibodi moja tu, ya kuchezea gemu na ya kuchapia kazi za watu. Nichukue hii?" Chini yake kaweka picha ya kibodi inayowaka rangi zote za upinde wa mvua.

Nikamjibu neno moja: usinunue. Nikaweka simu chini, usingizi ukagoma. Mtu amebeba mbao msimu mzima, halafu mimi namjibu kama karani wa dirishani. Basi nimekaa hapa dukani, mlango nimeshaufunga, nimjibu inavyostahili. Na ninyi wengine mnaoniuliza swali hilihili kila wiki, jibu langu ndilo hili.

Mimi ni mchapaji. Nina duka la steshenari hapa Mbeya, upande wa Mwanjelwa, tangu 2016. Mchana ni barua za maombi ya kazi, mihtasari ya vikoba, ripoti za fildi za wanachuo, mitihani ya shule. Usiku nacheza Counter-Strike, gemu la kupigana risasi, na wenzangu wanne, kompyuta tumeziunganisha kwa waya humu humu dukani, kwa hiyo hata intaneti ikikatika hatusimami. Kibodi yangu haipumziki. Nadhani nawe unayesoma hivi sasa uko hivyo, au unataka kuwa hivyo.

Miaka mitatu ya kwanza nilinunua kibodi za mpira za bei ya chini, zinakufa, nanunua nyingine. Mwaka 2019 rafiki yangu alikuwa anakwenda Kariakoo kufuata mzigo, nikampa elfu sitini aniletee ya kimekanika. Ikaja. Inawaka kama duka la simu. Nikang'oa kifuniko cha herufi kwa mpini wa kijiko, nikaona chini yake ile alama ya kujumlisha niliyosoma kwamba ndiyo dalili ya kimekanika, nikaridhika. Miezi minne baadaye nikaifungua yote kuisafisha, ndipo nikakuta shuka moja la mpira mweupe limetandazwa ndani, lina vichuguu vidogo vidogo, kimoja kwa kila herufi. Ilikuwa kibodi ile ile ya mpira, imevalishwa taa. Boksi lenyewe, nilipolitafuta na kulisoma vizuri, lilisema ina "hisia" ya kimekanika. Muuzaji alikataa kuirudisha. Iliniuma, maana elfu sitini ile ilikuwa kodi ya nusu mwezi.

Kwa hiyo alama ya kujumlisha peke yake isikudanganye. Kibodi ya kimekanika, yaani ya swichi, kila herufi ina kijisanduku chake kinachojitegemea, ndicho swichi, ndani yake mna springi na vipande viwili vya chuma vinavyogusana unapobonyeza. Swichi ya kawaida inashuka milimita 4, na kompyuta inaipokea herufi ukifika kama milimita 2, yaani katikati ya safari. Kampuni ya Cherry ya Ujerumani ndiyo iliyoleta mtindo huu wa swichi, unaoitwa MX, miaka ya 1980, na viwanda vya China kama Gateron, Kailh na Outemu vikaufuata, ndiyo maana kifuniko cha huku kinaingia kwa swichi ya kule. Rangi ya swichi ndiyo lugha yao: nyekundu inateleza tu mpaka chini, kahawia ina kinundu kidogo unachokihisi katikati, bluu ina kinundu na inalia.

Mimi nilichukua bluu. Mwaka 2020, vitufe 104, laki moja na ishirini, mara hii nikaenda mwenyewe. Nisiseme uongo, niliipenda. Ndani ya miezi mitatu nilikuwa nachapa haraka kuliko mchapaji yeyote wa mtaa wetu, na watu waliokuwa wanapita barabarani walikuwa wanachungulia kuona mlio unatoka wapi. Nyumbani ikawa kitu kingine. Mtoto wetu alikuwa na miezi minne. Mke wangu alivumilia kama wiki mbili, kisha usiku mmoja akaja akasimama mlangoni, mtoto begani, hakusema kitu. Hapo ndipo gemu lilipohamia dukani.

Lakini mlio haukuwa tatizo kubwa. Mwanjelwa kiangazi ni vumbi, mnajua wenyewe. Agosti 2021 mwalimu mmoja aliniletea mitihani ya muhula, kurasa arobaini. Herufi A ya ile kibodi ilikuwa imeanza ugonjwa: nabonyeza mara moja, zinatoka mbili. Sasa kwa Kiswahili ugonjwa huo ni mbaya kuliko unavyofikiri, kwa sababu sisi tuna A mbili za halali. Kaa, saa, maana, taarifa. Jicho linapita tu, halishtuki. Na kompyuta haikusaidii, maana kama haina Kiswahili kila neno inalipigia mstari mwekundu, la sawa na la makosa. Swali moja lilikuwa "Taja matumizi mawili ya kanga". Nililitoa likisomeka "kaanga".

Mwalimu alilisoma kwa sauti mbele ya wateja sita. Akaniuliza, "Kaka, hela za watu unazipokea kwa kazi gani?" Akanilipa nusu, na shule ile haijaniletea karatasi mpaka leo. Najua alikuwa na haki. Lakini bado nikipita lile geti moyo unabana, na si vibaya kulisema.

Fundi wa simu hapa jirani alinisaidia. Swichi zilikuwa zimelehemiwa kwenye bodi, akaing'oa ya A kwa moto, akaweka ya Scroll Lock ambayo siitumii. Ikaenda miezi miwili, kisha I nayo ikaanza.

Usiku wa siku ile ya mwalimu nilichukua sentensi moja ya mitihani nikahesabu kwa kalamu: "Wanafunzi watakaochelewa hawataruhusiwa kuingia." Herufi 44, A ni 11. Robo nzima! Chukua sentensi yako yoyote ya Kiswahili uhesabu, utaona A haishikiki. Q na X hazimo kabisa. Na A inabonyezwa na nani? Kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Wenzetu wanaoandika Kiingereza, herufi yao inayoongoza ni E, na E ni ya kidole cha kati, chenye nguvu. Ukitazama video zao wakikwambia springi nzito ni nzuri, wanasema kweli kwa mikono yao na kwa lugha yao. Usiku ukija kwenye gemu, A hiyohiyo ndiyo ya kwenda kushoto, safari hii kwa kidole cha pete. Kitufe kimoja, vidole viwili, mchana na usiku.

Tangu siku hiyo sichagui kibodi kwa macho. Naianza kwa A.

Nililojifunza la kwanza, na kama utasahau mengine yote hili lishike: nunua kibodi ambayo swichi zake zinachomoka bila moto. Si za kulehemu. Mwisho wa 2021 nilinunua ya namna hiyo, ya vitufe 87, bila taa za maana, laki moja na sitini na tano, pamoja na swichi ishirini za akiba. A ikichoka naichomoa kama jino la mtoto, naweka nyingine, mteja hajamaliza hata kukaa kwenye benchi. Angalia tu miguu. Kuna swichi zina miguu miwili ya chuma na nguzo ya plastiki katikati, na kuna zenye vijiti viwili vya plastiki vya ziada. Kama bodi yako haina matundu ya vile vijiti, vikate kwa mkasi wa kucha. Miguu ya chuma inajikunja upesi. Ya kwanza kabisa kuiweka, niliisukuma kwa pupa, mguu ukalala, herufi N ikawa kimya, nikaamini bodi imekufa. Niliunyoosha kwa kibanio cha nyusi cha mke wangu. Ishike swichi wima kabisa, ndipo usukume.

Uzito wa springi sasa. Nilijaribu za gramu 60 kwa sababu mwenzangu mmoja wa gemu aliapa kwamba nzito zinazuia kubonyeza kwa bahati mbaya. Ilikuwa Juni. Anayeishi Mbeya anajua Juni saa kumi na mbili na nusu asubuhi vidole vinakuwaje, unavipulizia kwanza ndipo vikutii. Wiki ya tatu maumivu yalitoka kidole kidogo yakafika kwenye kiwiko. Nikarudi kwenye nyekundu za gramu 45, na A peke yake nikaiwekea ya gramu 35. Kwenye gemu nilijikuta nasogea kushoto bila kutaka kwa siku tatu nne, kisha kidole cha pete kikajifunza kutulia. Maumivu yaliisha, hayajarudi. Na kwa baridi hiyohiyo, kasha la kibodi la aluminiamu ambalo watu wanalisifia mimi silitaki. Weka kiganja juu yake asubuhi ya Julai pale Uyole, utanielewa.

Grisi wengi mnaniuliza. Ni kweli swichi iliyopakwa grisi inateleza na sauti yake inatulia, inakuwa nene. Nilifungua zote 87 usiku mbili umeme ukiwa umekatika, taa ya kuchaji kichwani, brashi ndogo ya kuchorea mkononi. Kumi za kwanza nilizipaka nyingi mno, vitufe vikawa vinarudi polepole, nikazifuta upya moja moja. Kinachotakiwa ni unyevu wa kung'aa tu kwenye kuta za ndani, pale kitufe kinaposhukia, usiguse vile vipande vya chuma. Tumia grisi ya swichi yenyewe, Krytox 205g0 ndiyo wengi wanayoiamini. Mafuta ya kula, mafuta ya cherehani, grisi ya baiskeli, acha kabisa, yanakusanya vumbi. Kama huna muda, paka zile nyaya za chini ya kitufe cha nafasi tu. Hapo ndipo kelele nyingi zinapotoka.

Vifuniko vya herufi: ulizia vya plastiki ya PBT. Plastiki ya ABS inalainika na kung'aa upesi kwa kusuguliwa na vidole. A ya kibodi yangu ya bluu ililainika ikawa kama mpini wa jembe la zamani, maandishi yakaondoka.

Kwa wacheza gemu, jaribio ni moja, lifanyie dukani kabla hujatoa hela. Bonyeza Shift zote mbili kwa pamoja, ziache chini, kisha chapa sentensi ndefu. Kibodi mbovu itaruka herufi. Kama inaruka hapo, siku moja utakuwa unakimbia, unaruka na kugeuka kwa wakati mmoja, nayo itapokea viwili ikaacha cha tatu. Hayo ya kibodi kutuma taarifa kwa kompyuta mara 8,000 kwa sekunde msiyalipie, 1,000 zinakutosha na kubaki.

Vijana, nawaambia kwa uchungu, acheni kununua taa. Tunapewa ushauri na watu wasiojua lugha tunayoandika wala baridi tunayoamkia, tunaumeza wote, kisha tunalaumu mikono yetu. Mkono wako ndio unaokulisha. Mtu anakagua gunia la viazi mpaka chini kabla ya kulipa, akifika kwenye kibodi analipa kwa picha!

Mdogo wangu wa Mafinga, laki na nusu yako inatosha. Chukua ya vitufe 87, swichi za kuchomoka, nyekundu, kasha la plastiki, ya waya. Usichukue zile ndogo za vitufe 61. Utachapa bajeti za watu na mishale utaitafuta. Ikibaki elfu ishirini nunua swichi za akiba, usinunue kitu cha kulazia mkono. Kama wateja wako ni wa mahesabu, pedi ya namba, ambayo hizi za 87 hazina, inauzwa peke yake, utaiongeza ukishapata.

Na kabla ya kulipa, ukipata mzigo wa kuleta Mbeya, pitia hapa. Nina swichi tisa nimezibana kwenye kibao mezani, pembeni ya mashine ya fotokopi, kila moja nimeiandikia gramu zake chini ambako huwezi kuona. Fumba macho, ubonyeze moja moja kwa kidole kidogo cha kushoto, mara hamsini kila moja bila haraka. Ukichoka uniambie umechokea wapi, nitaigeuza tuisome.