Kabla hujatia sahihi ile karatasi

Jericho, Nairobi
Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Jana kwa simu uliniuliza, "Mama, niandike tu barua ya kujiuzulu niondoke kwa heshima, au ningoje wanifute kazi?" Nikakwambia tulia kwanza, halafu mtoto akalia, ukakata simu. Swali lako nimelala nalo usiku kucha. Nakuandikia kwa sababu kwa simu huwa hunipi nafasi ya kumaliza neno. Hilo umelirithi kwa baba yako.

Usijiuzulu kwa sababu tu umerudi kutoka likizo ya uzazi ukakuta wamekuhamishia mapokezi. Na ile karatasi waliyokupa Ijumaa, inayosema umeamua kuondoka kwa hiari yako na huwadai chochote, usiitie sahihi.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia. Unajua nilifanya kazi Indasta, kule kwenye viwanda, ila hujui nilivyotoka kiwanda cha kwanza. Mwaka 1994 nilikwenda likizo ya kukuzaa wewe. Sheria ya wakati ule ilitupa miezi miwili ya uzazi, na ukiichukua, likizo yako ya mwaka huo umeipoteza. Yaani kuzaa kulihesabiwa sawa na kwenda ushago kupumzika! Niliporudi nilikuta mashine yangu ina mtu, mimi nikapewa ufagio. Wiki ya tatu msimamizi akaniita, akaniwekea mezani karatasi na bahasha yenye mshahara wa mwezi mmoja. "Saini hapa, mama, uende ukalee mtoto." Maziwa yalikuwa yamejaa hadi blauzi imelowa, na nilichotaka ni kufika nyumbani tu. Nikasaini.

Uchungu ulikuja baadaye. Nikaenda kwa afisa wa leba, yule wa serikali anayesikiliza malalamiko ya wafanyakazi. Alinisikiliza kwa upole kabisa, kisha akatoa nakala ya ile karatasi, akanigeuzia niisome mwenyewe. Ilisema nimeondoka kwa hiari. Sahihi ilikuwa yangu. Hakunifokea wala hakunicheka, aliniuliza tu kama kuna mtu alinishika mkono. Siku hiyo nilirudi nyumbani kwa miguu, na si kwa kukosa nauli.

Wewe una sheria ambayo mimi sikuwa nayo. Sheria ya Ajira ya 2007 imekupa miezi mitatu kwa mshahara kamili, na siku zako 21 za likizo ya mwaka haziguswi. Ukirudi, una haki ya kazi ile ile uliyoiacha, au nyingine inayokufaa kwa masharti yasiyo duni kuliko ya mwanzo. Hilo neno "au" lisome mara mbili, maana hapo ndipo watakapojificha. Watasema kukutoa kwa wateja wakubwa na kukuweka mapokezi ni kazi nyingine inayokufaa. Usibishane nao habari za heshima, kwa sababu heshima haina risiti. Chukua peslipu, ile karatasi ya mshahara, ya mwezi wa mwisho kabla ya likizo, uiweke kando ya ile ya juzi. Si uliniambia pesa za simu na za usafiri zimekatwa? Kisha tazama mkataba wako: cheo kilichoandikwa ni kipi? Mwajiri akitaka kubadili mambo kama hayo, anatakiwa ashauriane nawe na akujulishe kwa maandishi. Wewe ulijulishwa kwenye ngazi, kwa mdomo, mtoto hajamaliza hata miezi minne.

Sasa nije kwa nini nakukataza kujiuzulu. Kifungu cha 5 cha sheria hiyo kinakataza kumbagua mfanyakazi kwa mambo mengi: jinsia, dini, lugha, kabila, ulemavu, hali ya HIV, na ujauzito umetajwa humo waziwazi. Ukishaweka mezani dalili zinazoeleweka, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Wakikufuta ni hivyo hivyo, wao ndio wa kuthibitisha sababu. Tena wakidai ni utendaji mbovu au utovu wa nidhamu, kifungu cha 41 kinawalazimu wakueleze kosa kwa lugha unayoielewa, wakusikilize, na wakuruhusu uingie na mfanyakazi mwenzako. Ukiondoka mwenyewe, mzigo wote huo unatoka mabegani mwao, unajitwika wewe. Ni kweli mahakama zetu zinakubali kwamba mtu anaweza kusukumwa ukutani mpaka akajiuzulu, na ikahesabika amefutwa. Mahakama ya Rufani ililieleza jambo hilo mwaka 2015. Lakini hapo ni wewe utakayethibitisha kwamba walivunja mkataba kwa kiasi ambacho usingeweza kubaki. Si rahisi, mwanangu.

Hata hivyo sikwambii ukae kimya. Ukikaa miezi sita mapokezi bila neno, wakili wao atasimama aseme uliridhika. Andika. Kesho asubuhi mpelekee yule bibi wa HR barua pepe fupi, yenye adabu: nilikwenda likizo tarehe fulani, nilirudi tarehe fulani, nilikuwa na cheo hiki, sasa nimewekwa hapa, marupurupu haya yamekatwa, naomba nielezwe sababu kwa maandishi na nirudishwe kwenye nafasi yangu. Basi. Yale uliyoniambia kuhusu meneja na tumbo lake yabaki kwetu. Kulalamika peke yake hakuwezi kuwa sababu halali ya kumfuta mtu, ila lalamiko la kijinga lisilo na msingi halilindwi, na matusi huwapa kesi ambayo hawakuwa nayo.

Jibu likija, piga picha. Lisipokuja, andika tena baada ya wiki. Nunua daftari, lile la shilingi hamsini linatosha, uwe unaandika tarehe, saa, nani alisema nini na nani alikuwepo. Karatasi zinazokuhusu wewe ndizo uzichukue: mkataba, peslipu, barua ya kuidhinishiwa likizo, tathmini za kazi za miaka iliyopita. Orodha za wateja na mafaili ya kampuni usiguse, wasije wakakugeuzia kibao wakuite mwizi.

Kuhusu lile la kabila, kwamba aliyepewa nafasi yako ni wa kwao meneja, mimi ningeliacha kando kwa sasa. Sisemi ni uongo. Lakini habari ya likizo una tarehe na makaratasi, na hii nyingine una minong'ono ya wakati wa chakula cha mchana. Ile kanuni ya theluthi moja unayoitaja, kwamba wafanyakazi wa kabila moja wasizidi hapo, inahusu taasisi za umma, nanyi ni kampuni ya mtu.

Na unakamulia maziwa chooni? Hilo limeniudhi kuliko yote. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea, na choo si chumba hicho. Liweke kwenye barua pepe, mstari mmoja.

Wakikufuta pamoja na hayo, usijifungie ndani. Malalamiko kwa afisa wa leba hupelekwa ndani ya miezi mitatu tangu kufutwa. Kwenda kortini una miaka mitatu, lakini miaka mitatu huisha kama mchezo. Kwa kuwa mshahara wako hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi, kesi inaweza kusikilizwa na hakimu, si lazima ianzie kwa jaji wa Mahakama ya Ajira. Kwa kufutwa isivyo haki, fidia haizidi mshahara wa miezi 12, kwa hiyo usianze kuota kiwanja Kitengela. Tena kesi huchosha. Shirika la Kituo Cha Sheria na FIDA, kile chama cha mawakili wanawake, husaidia watu wasio na pesa za wakili, na kuuliza si aibu.

Huenda baada ya haya yote bado utataka kuondoka, na mimi sitakulaumu. Mtu hawezi kunyonyesha na kupigana kila siku. Lakini uondoke wakikulipa unachodai, kwa karatasi iliyosomwa na wakili wako kwanza.

Jumamosi njoo na mtoto na makaratasi yote, pamoja na hiyo yao, ikiwa hivyo hivyo bila wino wako. Tutayapanga kwa tarehe hapa mezani. Ukishuka soko la Burma, niletee nyama nusu kilo, ya mifupa.

Mama yako