Maswali ya Wasomaji: Lengo la Utafiti na Watu Wanaotafitiwa

SWALI: Pendekezo langu la utafiti wa shahada ya uzamili limerudishwa na kamati ya maadili. Lengo kuu niliandika: "Kuwaelimisha wajawazito umuhimu wa kuanza kliniki mapema." Kosa liko wapi?
*Mwanafunzi, Dodoma*

JIBU: Kosa liko kwenye kitenzi. Kuelimisha ni kazi ya mradi. Utafiti hutafuta jambo ambalo bado halijulikani. Kama jibu unalo tayari, huna sababu ya kuwasumbua akina mama kwa dodoso. Andika: "Kubaini kiwango cha wajawazito wanaoanza kliniki kabla ya wiki 12, na mambo yanayohusiana nacho," kisha taja wilaya na mwaka. (Wiki 12 ndizo Shirika la Afya Duniani lilizopendekeza mwaka 2016 kwa hudhurio la kwanza.)

Chini yake yatosha malengo mahususi matatu: kupata asilimia ya walioanza mapema; kupima uhusiano wake na umri, idadi ya uzazi na umbali wa kituo; na kuchunguza sababu wanazozitaja waliochelewa. Hilo la tatu linahitaji mahojiano ya ana kwa ana, maana visanduku vya kuweka alama havitakupa sababu. Usitumie neno "kusababisha." Dodoso la mara moja huonyesha mambo yanayoandamana, halionyeshi lipi limemzaa mwenzake.

Sasa chora jedwali: lengo, swali la dodoso, namna ya kupima, namna ya kuchambua. Swali lisilo na lengo lifute. Wanafunzi wengi huongeza hali ya VVU au kipato cha mume "huenda kitafaa baadaye," na hapo kamati hurudisha karatasi, kwa haki kabisa. Siri ya mtu haichukuliwi kwa akiba.

Angalia pia unakowapata washiriki. Ukikaa kliniki, asiyefika kliniki hutamkuta, na kiwango kitaonekana kizuri kuliko kilivyo. Afadhali uwafuate majumbani waliojifungua ndani ya wiki 6 zilizopita na usome kadi zao. Wasio na kadi nao wahesabu. Ukifanya hivyo, andika "waliojifungua" badala ya "wajawazito" kwenye lengo.

Idadi yao hutokana na lengo la kwanza. Ukitarajia asilimia 30, ukubali kukosea kwa 5 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95: 1.96² × 0.3 × 0.7 ÷ 0.05², yaani watu 323 (1.96 ni namba ya kitakwimu ya uhakika huo wa asilimia 95). Ukihofia mmoja kati ya kumi atakataa, gawanya kwa 0.9 upate 359. Wengi huzidisha kwa 1.1, wanapata 356. Kumi kwa mia wakikataa, wanabaki 320 na hesabu haitoshi.

SWALI: Watafiti wa chuo walitaka damu yangu. Nilipouliza nitapewa dawa gani, wakasema hakuna. Basi lengo lao ni nini?
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Wamekujibu kweli, ndugu yetu. Daktari hukupima ili akutibu wewe; mtafiti hukupima ili ajue jambo kuhusu watu wengi. Hatari ni pale mshiriki anapoondoka akidhani ametibiwa.

Hata hivyo lengo lazima waliseme kwa lugha unayoielewa kabla ya sindano: damu kiasi gani (mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai), itapimwa nini, nani ataona majibu, utapigia nani simu ukiwa na malalamiko. Waulize pia kama damu itahifadhiwa kwa tafiti nyingine au kupelekwa nje ya nchi. Hilo huombewa ridhaa yake peke yake, na unaweza kukubali kipimo cha leo ukakataa kuhifadhiwa. Ukijitoa katikati, huduma zako za kawaida hospitalini hazipunguzwi.

SWALI: Mimi nawapa walimu dodoso tu, hakuna damu. Nahitaji kibali?
*Mwanafunzi, Kisumu*

JIBU: Ndiyo. Mwalimu akieleza anavyomwona mkuu wake, jina likavuja, anaweza kupoteza kazi. Pata kwanza idhini ya kamati ya maadili, kisha leseni ya NACOSTI (Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya Kenya), halafu ujitambulishe kwenye ofisi za kaunti. Usigawe hata karatasi moja kabla. Kamati haiidhinishi data iliyokwisha kukusanywa.