Maswali ya wasomaji: Punje iliyoungua inasema nini kuhusu shamba la kale?

Swali: Nimesikia kwamba watafiti hupima isotopi za punje za nafaka zilizoungua China miaka elfu kadhaa iliyopita, kisha wakasema shamba lilitiwa samadi. Punje iliyogeuka mkaa inajuaje? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Naitrojeni iko ya aina mbili, nyepesi (14) na nzito (15). Samadi ikirundikwa, sehemu ya naitrojeni yake hupotea hewani kama amonia, ile harufu kali ya zizini, na nyepesi ndiyo hutangulia kutoroka. Inayobaki huwa nzito zaidi. Mmea huifyonza na kuihifadhi kwenye punje. Punje ikiungua polepole bila hewa ya kutosha, uwiano huo hauharibiki sana. Majaribio ya kuunguza ngano, shayiri na kunde kwa nyuzi 215 hadi 260 za Selsiasi yalionyesha ongezeko la wastani wa 0.31 kwa elfu kwa naitrojeni na 0.11 kwa kaboni. (“Kwa elfu” hapa ni tofauti ya uwiano wa nzito na nyepesi ukilinganisha na sampuli rejea ya kimataifa.) Samadi nyingi inaweza kupandisha naitrojeni kwa sehemu kadhaa kwa elfu, kwa hiyo alama yake haifunikwi na moto.

Mfano mzuri ni Dadiwan, mkoani Gansu, kaskazini-magharibi mwa China. Nafaka ndogo za huko, Setaria italica na Panicum miliaceum, jamaa wa mawele na ulezi wetu, zimeonyesha kwamba yapata miaka 5,500 iliyopita wakulima walikuwa wakirutubisha mashamba kwa samadi ya nguruwe. Nguruwe nao walilishwa mazao ya nafaka hizohizo.

Tahadhari: kwa nafaka za Ulaya, naitrojeni-15 chini ya 3 kwa elfu huhesabiwa samadi kidogo au hakuna, na juu ya 6 samadi nyingi. Usivichukue viwango hivyo na kuvibandika kwenye nchi kavu. Ukame, chumvi na udongo unaotuama maji hupandisha naitrojeni-15 bila ng'ombe hata mmoja kupita. Pata kwanza kiwango cha mimea ya porini ya mahali hapo: pima mifupa ya kulungu au mnyama mwingine wa mwituni wa kipindi hichohicho, toa takriban 4 kwa elfu (mnyama huwa juu ya mimea aliyokula kwa kiasi hicho), ndipo ulinganishe.

Swali: Kwa ngano, kaboni hueleza kama mmea ulipata maji. Kwa nini hamtumii kipimo hicho kwa mawele?

Jibu: Kwa sababu mawele, ulezi na mtama hutengeneza chakula kwa njia ya C4, si C3 kama ngano na mpunga. Hizo ni njia mbili tofauti za kukamata kaboni ya hewani. Ngano ikikosa maji hufunga vinyweleo (matundu madogo) vya majani, kaboni dioksidi iliyo ndani hupungua, na mmea hulazimika kutumia hata kaboni-13, ile nzito, ambayo kwa kawaida huiachia. Mmea wa C4 hukusanya kaboni kwenye seli za ndani kama kwenye ghala lililofungwa, na kinachoamua zaidi ni kiasi kinachovuja humo. Matokeo yake, mabadiliko ya maji huacha alama hafifu. Baadhi ya vipimo vya Setaria ya leo kwenye nyanda za China za loess (udongo wa vumbi ulioletwa na upepo) hata vinaonyesha kaboni-13 ikipanda mvua inapoongezeka, yaani kinyume cha ngano. Mtu akikuambia kwa kaboni peke yake kwamba mawele yake yalimwagiliwa, usimwamini haraka.

Kaboni inafanya vizuri kazi nyingine, ya kutofautisha makundi: C4 huwa karibu na −12 kwa elfu, C3 karibu na −26. Ukilinganisha punje za leo na za kale, kumbuka kwamba hewa ya sasa imechafuliwa na moshi wa makaa na mafuta, wenye kaboni nyepesi zaidi. Ongeza takriban 2 kwa elfu kwenye kipimo cha leo. Wengi husahau hapa.

Swali: Nina punje zilizoelea wakati wa kusafisha udongo wa uchimbaji. Nizitayarishe vipi?

Jibu: Chagua chini ya hadubini punje zisizovimba wala kupasuka, zilizofura zimepata joto kupita kiasi. Kwangua udongo kwa sindano. Punje moja ya Setaria iliyoungua ina uzito wa miligramu 1 hivi, kwa hiyo unganisha kama 10 hadi 20, zote za shimo moja. Ukichanganya mashimo mawili umepata wastani wa mavuno yasiyojuana.

Loweka kwenye asidi ya haidrokloriki ya moli 0.5 kwa lita, kwa nyuzi 70, dakika 30 hadi 60, mpaka mapovu yakome. Suuza mara tatu kwa maji yaliyotoneshwa, kausha kwa kugandisha, saga, kisha pima miligramu chache kwenye vikopo vya bati. Epuka hatua ya kuosha kwa alkali isipokuwa una sababu: huyeyusha asidi za udongo, na punje dhaifu huyeyuka nazo. Kabla ya asidi, pitisha punje kadhaa kwenye kipimo cha infraredi; vilele vya mchoro wake karibu na 870 na 720 (kwa sentimita) ni dalili ya chokaa. Unguza pia punje za leo kwa nyuzi 230, zikiwa zimefungwa kwenye foili na kufukiwa mchangani kwa saa 24, ujue moto umebadilisha nini kwenye nafaka yako.

Swali: Je, inawezekana kwa Pemba?

Jibu: Inawezekana, na kuna la kuuliza. Katika makazi ya kale ya Tumbe, Pemba (karne ya 7 hadi ya 10), mawele yalitawala. Baadaye, Chwaka ya hukohuko Pemba, mpunga ulichukua nafasi. Kaboni itazitenganisha nafaka hizo kwenye mifupa ya walaji. Lakini majani ya malisho mengi ya ukanda wetu ni C4 pia, hivyo mtu aliyekunywa maziwa ya ng'ombe aliyechunga huko huonekana kama aliyekula mawele. Anza na punje zenyewe.